Magunia Sita ya Rajabu

Wifi yangu Mwanahawa haamini mtu. Nalisema hili kwa mapenzi, maana tumeishi ua mmoja tangu kaka yangu Rajabu alipomwoa, na sijawahi kumwona akipokea chenji bila kuihesabu, hata akipewa na mimi, hata akipewa na imamu. Ukimletea yai, analitikisa sikioni. Ukimwambia fulani anaumwa, anakuuliza, "Umemwona mwenyewe au umeambiwa?" Mtu akimsifia mtoto wake, anamtazama huyo mtu kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha anamwita mtoto aingie ndani.

Msifikiri tabia hiyo ilikuwa hasara tupu. Huku kwetu milimani, juu ya Soni, mkulima wa mboga asiyeshuku mtu atalia. Wachuuzi wanakuja na ndoo zao za kupimia viazi, na ndoo za wachuuzi mnazijua: zimepashwa moto zikavutwa, tumbo limezitoka kama mama wa miezi minane. Mwanahawa ndiye aliyegundua. Alichota maji kwa ndoo yake ya nyumbani, akayamimina kwenye ndoo ya mchuuzi mbele ya watu wote, na maji hayakukaribia hata ukingo. "Haya, baba, iliyobaki ijaze kwa mate yako," akamwambia. Watu walicheka hadi mchuuzi akasahau kofia yake. Tangu siku hiyo akina mama wa bonde letu wakitaka kuuza, wanamtanguliza Mwanahawa. Naye akazoea kuwa sahihi, na hapo ndipo palipomponza.

Kaka yangu Rajabu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Mdomo wake umeshonwa. Ukimuuliza kama huko atokako kumenyesha, anatazama mawingu kwanza ndipo akujibu, "Kidogo." Simtetei. Mume anayenyamaza na mke anayeshuku wakikaa nyumba moja, sisi wa karibu tulijua kuna siku patachimbika. Hatukujua tu kwamba pataanzia kwenye mahindi.

Sisi Washambaa hatuweki shamba letu lote mahali pamoja. Mtu ana kipande kwenye mteremko, ana kipande bondeni kwenye maji, na akijaliwa ana kingine chini nyika, kwenye joto. Mvua ikikataa huku, labda itakubali kule. Rajabu alikuwa navyo vyote vitatu: maharage na migomba nyuma ya nyumba, viazi na kabichi bondeni, na mahindi Mombo, ng'ambo ya barabara kuu. Huko Mombo alikuwa akienda peke yake. Mwanahawa aliteremka naye mara moja tu, bado bibi harusi, mbu wakamla, akarudi na homa iliyomlaza kitandani, akaapa kwamba yeye na nyika basi. Kwa hiyo kila baada ya mavuno ya masika Rajabu alikuwa akipanda na lori la kabichi, yale yanayokuja juu matupu kufuata mzigo, na nyuma yake kuna mahindi ya nyumba. Magunia sita.

Magunia sita yalitosha kulisha nyumba ile hadi mavuno mengine, na Mwanahawa alipanga maisha yote juu yake. Ugali upo, kwa hiyo viazi haviliwi, vinauzwa vyote, na pesa ya viazi haiguswi hata mtu akifa, ni ada ya Nasra. Kabichi ndiyo sabuni, mafuta ya taa na kikoba cha akina mama. Nasra ni binti yao mkubwa, anasomea uuguzi chuoni Tanga. Mama yake hamtaji kwa jina, anasema "nesi wangu." Nikimkumbusha kwamba bado hajawa nesi, ananinunia hadi jioni. Msichana yule ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika huko, na Mwanahawa alikuwa radhi ale majani mradi ada iende.

Basi akaja Zuberi, bwana shamba mpya wa kata. Kijana wa heshima zake, shikamoo haimwishi mdomoni. Alitukusanya kwenye darasa la shule ya msingi, akabandika karatasi kubwa ukutani, akasema leo tunajifunza kupanga mapato ya shamba. Mkulima asipange kwa kutazama mwaka mzuri, akasema, apange akijua shamba linapanda na kushuka. Akataka kila mtu ataje mahindi aliyopata miaka mitano iliyopita, yeye achore.

Alianza na Aron, jirani yetu, ambaye shamba lake la Mombo limepakana na la Rajabu, mtaro tu ndio unaowatenga. Aron akataja: kumi na moja, mawili, saba, moja, tisa. Zuberi akachora, mstari ukawa na kona nyingi kuliko barabara ya kupandia huku. Wengine nao vivyo hivyo, juu, chini, juu. Rajabu hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo zamu yao ilipofika akasimama Mwanahawa.

"Sita," akasema.

"Mwaka uliofuata, mama?"

"Sita."

"Ule wa ukame je? Ambao Mzee Aron alipata moja?"

"Sita."

Zuberi akaendelea kuchora hadi miaka ikaisha, akarudi nyuma kutazama. Mstari wa Mwanahawa ulikuwa umelala kama meza. "Mama yangu," akasema huku akitabasamu, "hili ni shamba au ni mshahara?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka machozi. Aron alicheka kidogo kisha akaacha, akabaki anaitumbulia macho ile karatasi. Mwanahawa hakucheka hata chembe.

Tukiwa njiani kurudi alikuwa akihesabu vidole mpaka darajani. Nikajua kuna kitu, maana wifi yangu hahesabu bure.

"Wifi," akasema. "Mtaro mmoja."

"Mtaro gani tena?"

"Mtaro mmoja unatutenga na Aron. Mvua ya Aron inajuaje kukoma kwenye mtaro? Mwaka Aron amepata kumi na moja, sisi sita. Yetu mengine yalikwenda kwa nani?"

"Labda Rajabu halimi vizuri kama Aron."

"Haya. Na mwaka Aron amepata moja? Hapo Rajabu alijifunza kulima ghafla?"

Akaendelea, anaongea polepole kama mtu anayechambua mchele. "Anapunguza kwenye mwaka mzuri, anajazia kwenye mwaka mbaya, ili nisishtuke. Ndivyo wanavyofanya wachuuzi, wifi. Leo anakupunja, kesho anakuongezea viwili juu, unamwita mtu mwema. Kaka yako ana nyumba nyingine kule Mombo. Hiyo nyumba inakula cha mwaka mzuri, sisi tunafungwa macho kwa sita."

Yarabi! Hesabu yake ilikuwa imenyooka, huo ndio ukweli, na hadi leo nasema hivyo. Nilimwambia, wifi, nenda kamuulize mumeo. Akanitazama kama nimepungukiwa akili. "Ukimuuliza mwizi, unampa muda wa kuficha," akasema.

Kuanzia hapo nyumba ile ikawa haina raha. Rajabu akirudi kutoka Mombo, shati linanuswa kabla halijalowekwa. Likanuka mbuzi. "Sisi tuna mbuzi?" akaniuliza Mwanahawa, shati liko mkononi. Hatukuwa na mbuzi. Simu ikiita, anatega sikio. Mara moja ikaita wakati tunakula, Rajabu akaipokea, akasema, "Ndiyo. Wamezaa? Haya, nitakuja," akakata. Mwanahawa aliacha tonge kwenye sahani. Hakuuliza nani kazaa. Mimi ndiye niliyetaka kuuliza, akanikanyaga mguu chini ya mkeka.

Siku nyingine akamtega. "Baba Nasra, mahindi ya mwaka huu yakoje?"

"Ya kawaida."

"Yatafika sita?"

Rajabu akamtazama kidogo. "Inshallah yatafika."

Mwanahawa alikuja kwangu mbio. "Umesikia? Hayajatoa hata mbelewele, na yeye anajua yatafika sita!"

Wiki ile ile, Rajabu akiwa Mombo, akasema anakwenda Soni kununua dawa ya viazi, kumbe aliomba nafasi mbele kwenye lori la kabichi akateremka hadi Mombo, yeye aliyeapa. Aliuliza uliza mpaka akafika shambani, na shambani hapakuwa na mtu. Akasikia sauti kwenye nyumba moja ya karibu. Akajibanza kwenye mabua ya mahindi, akachungulia.

Rajabu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha watu, amevua viatu. Mwanamke wa makamo anamnawisha mikono. Nyuma yao kuna zizi la mbuzi. Yule mwanamke akaingia zizini, akatoka na kitoto cha mbuzi, akamwekea Rajabu mapajani, na Rajabu akakifungua mdomo kukitazama, kikamng'ata kidole.

"Akacheka," Mwanahawa akaniambia jioni ile. Alikuwa amekaa jikoni kwangu, kanga imejaa vumbi jekundu. "Wifi, kaka yako alicheka kwa sauti. Mimi nimezaa naye watoto wanne, sijawahi kumsikia akicheka vile." Hapo ndipo alipolia. Viatu angevisamehe, na kunawishwa mikono angekusamehe, lakini kile kicheko kilimchoma.

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini? Nimeona."

Nilimsihi. Nilimwambia wifi, mfungie mlango chumbani, mwulize mkiwa wawili, mpige hata makofi ukitaka, lakini wawili. Thubutu! Alikuwa amezoea kuwakamata watu hadharani, mbele ya mashahidi, ndoo imewekwa katikati. Kesho yake alikwenda kwa kaka yetu mkubwa, Ismaili, akaomba kikao cha ukoo.

Kikao cha ukoo kwetu si mchezo. Baba zetu wadogo wanakuja, mashangazi wanakuja, wanakaa mkekani, dua inasomwa, na neno likishasemwa pale limesemwa, huwezi kesho kulirudisha mdomoni. Rajabu alikuja baada ya sala ya Ijumaa akidhani tunaitiwa mgogoro wa mpaka. Akakuta anatazamwa yeye.

Ismaili akasafisha koo. "Rajabu, mkeo anasema una mke Mombo. Tukusikie."

"Sina mke Mombo."

"Anaongopa," akasema Mwanahawa. "Jamani, nimemwona kwa macho yangu haya. Mahindi yanavunwa, mengine yanabaki kule. Mwulizeni miaka yote inakuwaje sita. Mwulizeni!"

Rajabu akainama. Niliona kidole chake kinachora kwenye mkeka. Mwisho akainua uso, akamtazama mkewe, akasema kwa upole ambao mimi mwenyewe uliniuma, "Mama Nasra, tutoke nje kidogo nikwambie."

Kama ningekuwa na uwezo ningembeba Mwanahawa mgongoni nimpeleke huko nje. Lakini hasira zilikuwa zimekwishampanda. "Nje kuna nini? Sema hapa hapa. Mbele ya ndugu zako. Kama ni halali, unaogopa masikio ya nani?"

"Ni kweli," akasema Ismaili. "Sema hapa."

Rajabu akavuta pumzi, akasema. Huyo mwanamke anaitwa Filomena. Ni mtu wa Songea, alikuja ujanani kuchuma chai Bulwa, mumewe akafariki, akahamia Mombo kufuga. Shamba la nyika, akasema, ni kigeugeu, mwaka huu linajaza ghala na mwaka ujao linakupa mabua. Kuweka mahindi hayawekeki, joto la kule na dumuzi, yakikaa msimu wa pili unabaki na unga wa wadudu. Kwa hiyo mwaka mzuri aliuza kilichozidi sita akanunua mbuzi, akawaweka kwa Filomena, naye Filomena anachukua mtoto mmoja kwa kila watatu kwa kazi ya kuwatunza. Mwaka mbaya anauza mbuzi, ananunua mahindi pale pale Mombo, anajazia mpaka yatimie sita, anapanda nayo. Hayo tu. Hakuna mke.

Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga. Mashangazi wakaanza, alhamdulillahi, alhamdulillahi, ndoa imepona. Mimi nilimkumbatia wifi yangu, naye hajui acheke au azimie. Furaha gani ile! Ndipo Ismaili akauliza, sauti yake imelainika kabisa:

"Ni wangapi, ndugu yangu?"

Rajabu akajibu, maana kikaoni huwezi kukataa kujibu. "Ishirini na mmoja."

Nilimfuata nje baadaye. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu. Nikamwambia kaka, si bora sasa, umesafishika. Akasema, "Sabra, umesikia? Ismaili hakuuliza tena habari za mwanamke. Ameuliza wangapi."

Wiki haikuisha, Ismaili akaja. Kijana wake Hamza anaoa, na kaka mkubwa hawezi kufanya karamu ya kuku kama maskini wakati mdogo wake ana zizi. Wakaenda wanne. Shangazi akafiwa na mume, arobaini haifanywi kwa maharage, wakaenda wawili. Baba mdogo paa la nyumba limeoza. Mwingine mkewe kalazwa. Kila mmoja alikuwa na shida ya kweli, sisemi walidanganya. Mimi mwenyewe sikuomba. Nilitaja tu kwamba mwanangu anaingia jando, Rajabu akaelewa. Huyo simhesabu.

Mtauliza kwa nini hakukataa. Kwetu mtu akishajulikana anacho, kumnyima ndugu ni kujitoa kwenye ukoo kwa mdomo wako, na ukifa usitegemee wa kukuchimbia kaburi. Asiyejulikana anacho halaumiwi. Rajabu aliishi raha miaka yote hiyo kwa sababu alionekana mtu wa kubahatisha kama sisi. Mwanahawa alijaribu kuwazuia. Alisimama mlangoni kama askari, akamwambia Ismaili hawa si mbuzi, shemeji, hiki ni chakula cha mwaka wa ukame. Ismaili akamjibu taratibu, "Shemeji, si wewe uliyetaka isemwe mbele yetu?" Mwanahawa, mwenye mdomo kuliko soko zima, akapisha mlango.

Masika yaliyofuata mvua ilichelewa nyika, halafu ikaja yote kwa mkupuo, ikaosha mbegu, ikaondoka zake. Zizini kwa Filomena kulikuwa kumebaki mbuzi wake mwenyewe na wetu mmoja kiguru. Rajabu akavuna, akapanda na lori la kabichi kama kawaida. Mwanahawa alikuwa anamsubiri barabarani, na mimi niko naye. Akashusha gunia moja. Akashusha debe. Lori likawasha moto likaondoka.

"Mengine yako gari gani?" akauliza Mwanahawa.

"Ndiyo hayo."

"Ndiyo hayo nini, Baba Nasra?"

"Ndiyo hayo shamba lilichotoa. Aron kapata debe mbili." Hakusema kwa hasira. Ningependa angefoka, ingekuwa nafuu kwa wote. Mwanahawa akamshika mkono wa shati pale pale barabarani, akamuuliza kwa nini hakumwambia, miaka yote hiyo, yeye mkewe, kwa nini.

"Ningekwambia, ungeteremka kuwahesabu," akasema Rajabu. "Na watu wangetaka kujua wewe usiyependa mbu unafuata nini Mombo."

Akajitwisha debe akapanda nalo njia ya nyumbani.

Hesabu ya nyumba ikavunjika yote. Viazi vya ada vikaanza kuingia sufuriani. Vilivyobaki vikauzwa kununua unga, na unga mwaka ule ulikuwa haushikiki kwa bei. Muhula wa kwanza wa Nasra walijikamua wakalipa. Wa pili ukawashinda. Mwanahawa akazunguka kwa wote waliokula mbuzi, mlango kwa mlango, kuomba wamshike mkono. Mnajua walimjibu nini? Hawakusema hawana. Walisema hawaamini. Rajabu kaishiwa? Rajabu yule yule aliyewaficha miaka yote? Ismaili alimwambia usoni, "Shemeji, rudi ukamwulize mumeo hao wengine kawaweka kwa nani. Mtu wa namna ile habakizi zizi moja." Mwanahawa aliapa kwa Mungu kwamba hakuna wengine. Wakamtazama vile alivyokuwa akiwatazama wachuuzi.

Nasra akarudi katikati ya muhula na begi lake. Hakulalamika. Alituamkia wote, shikamoo shangazi, shikamoo mama, akabadilisha nguo, akaingia shambani kupalilia. Lakini msichana wa chuo akirudi nyumbani wakati si wa likizo, kijiji kina jibu moja tu. Kwenye bomba la maji wakaanza kumtazama kiunoni. Wakaanza kuuliza kama anakula vizuri, kama anatapika. Mmoja alisema amemwona anakula udongo.

Siku ya gulio pale Soni, Scholastica, mke wa Aron, alimsogelea Mwanahawa mbele ya akina mama. Si mtu mbaya Scholastica. Akauliza, "Nesi wetu yuko likizo?"

Mwanahawa akasema kweli. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, nadhani, alieleza mambo ya nyumba yake hadharani bila kuulizwa mara mbili. Akasema shamba la Mombo limetoa gunia moja na debe, mbuzi wameisha, viazi vimeliwa, ada imekosekana, mtoto hana lolote, karudi kwa ajili ya ada. Akasema na kosa ni lake, yeye ndiye aliyewatoa mbuzi nje kwa mdomo wake.

Wakasikiliza. Mmoja akauliza, "Gunia moja? Rajabu? Si anapata sita hata Aron akikosa?" Wengine wakatazamana. Scholastica akamgusa bega, kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Pole, Mama Nasra. Haya yanatokea kwenye kila nyumba. Mtoto ni mtoto, atalelewa."

Alinihadithia haya uani kwetu, hajavua hata viatu. "Wifi, nimewaambia kweli tupu. Hakuna hata mmoja aliyeniamini." Nikamwambia kaa chini kwanza, upumue. Nasra alikuwa pale pale karibu na jiko, anamenya viazi vya chakula cha jioni, na alikuwa amesikia yote. Mwanahawa akakaa. Kisha nikamwona anageuka taratibu, anamtazama binti yake tumboni.

Nasra akaona. Akaweka kisu chini, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.